Kuomba Ruzuku kwa Ajili ya Haki: Yatupasayo Kujua Kabla ya Kutia Saini

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Munje



Halmashauri imeniamuru nieleze habari ya shauri lililoahirishwa katika mkutano uliopita, nalo ni hili: je, Chama chetu kiombe ruzuku kwa wakfu wa nje ili kuweka meza ya msaada wa sheria hapa Munje, au kisiombe? Sikuja kumshurutisha mtu. Nimekuja kuyaweka mambo wazi, mazuri na mabaya yake, ili mtakapopiga kura mpige kwa ujuzi. Kama nikirefusha maneno nawaomba radhi, maana ni jambo la fedha, na jambo la fedha likielezwa kwa haraka huleta ugomvi baadaye.

Kwanza niseme kwa nini shauri hili limezuka. Mama mmoja wa mji huu, ambaye sitamtaja jina kwa heshima yake, alifiwa na mumewe. Hata arobaini haijaisha, alikuta mpaka wa shamba umesogezwa, na minazi 11 aliyoipanda kwa mkono wake imehesabiwa kuwa ya mtu mwingine. Alikwenda ofisi moja mara nne. Kila mara alilipa nauli, na kila mara aliambiwa arudi siku nyingine. Mara ya nne akaulizwa karatasi ambayo hakuna aliyemwambia tangu mwanzo kwamba yatakiwa. Ndipo alipokuja kwangu akitaka nimwandikie barua. Nilimwandikia, lakini mimi ni karani, si mwanasheria. Niliipeleka barua mahali pasipohusika, na muda wa kukata rufani ukapita. Kosa lile ni langu, nami nalikiri mbele yenu. Minazi ile naipita kila asubuhi niendapo kazini.

Wazee wangu, jambo hili la kupoteza mali kwa kukosa karatasi si geni kwetu watu wa Pwani. Mwaka 1908 ilitungwa Sheria ya Hati za Ardhi, iliyowataka watu wa Pwani wenye kudai ardhi walete madai yao. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa ni ya Serikali. Wengi waliokuwa wakilima na kuzika wafu wao juu ya ardhi ile hawakupeleka madai. Baadhi hawakupata habari, na baadhi hawakuona maana ya kudai kitu ambacho tayari wanacho. Wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota hata leo. Basi tusiseme kwamba kuandika na kujaza fomu ni mambo ya makarani tu. Fomu imekwisha kutunyang'anya mengi, na yatupasa tujifunze kuitumia.

Siku hizi sheria zenye kutusaidia zipo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 48, yaiamuru Serikali kuhakikisha kwamba kila mtu aweza kuifikia haki, na kama kuna ada, isiwe ya kumzuia. Kifungu cha 159 chaziambia mahakama zitie nguvu njia nyingine za kumaliza ugomvi, pamoja na upatanishi na desturi zetu za wazee. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na katika mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Ardhi ya Jamii, na Sheria ya Madini pia. Hii ya mwisho yasema kwamba katika mrabaha wa madini, asilimia 70 ni ya Serikali Kuu, 20 ni ya Kaunti, na 10 ni ya jamii ya mahali yanapochimbwa. Hapa Kwale mchanga wenye titani ulianza kusafirishwa nje mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa mwaka 2024. Nawauliza, ni wangapi kati yetu waliokuwa wakijua habari ya ile asilimia 10 wakati mashine zilipokuwa zikifanya kazi? Haki iliyoandikwa katika kitabu yamfaa yule mwenye kujua ukurasa wake.

Ndiyo maana Halmashauri yafikiria meza ya msaada wa sheria. Maana yake ni vijana wawili, mwanamume na mwanamke, waliofundishwa kazi ya usaidizi wa sheria, watakaokaa siku maalumu katika wiki wakisikiliza watu, wakiwaonyesha ofisi ipasayo, wakiwasaidia kujaza karatasi, na kuwapeleka kwa wakili pale jambo linapohitaji wakili. Hawatakuwa mawakili, wala sheria haiwaruhusu kujifanya mawakili. Itatubidi tuwe chini ya shirika lililokubaliwa kutoa msaada wa sheria. Mashirika ya namna hiyo yapo. Kituo cha Sheria kilianzishwa mwaka 1973, na MUHURI ya Mombasa mwaka 1997, nayo yote yamefanya kazi na watu wa Pwani miaka mingi.

Lakini kazi hii yataka fedha. Mafunzo, nauli, karatasi, posho ya wale vijana, na kodi ya chumba; michango yetu ya kila mwezi haitoshi, maana tukishatoa ya mazishi, ya wagonjwa na ya karo za mayatima, sanduku hubaki na sauti yake tu.

Sasa, hawa wanaotoa ruzuku ni nani? Wazee wengi wameniuliza, na ni swali la haki. Katika lugha yetu twawaita wakfu, na jina hilo lawafaa. Nyinyi mwajua vizuri mambo ya wakfu kuliko mimi niliyesoma shule ya misheni. Mtu hutenga mali yake, mali ile haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yake hutumika katika njia aliyoitaja yeye. Wakfu hizi za ng'ambo zafanana na hizo kwa sehemu kubwa. Tajiri aliweka mali, mali ikawekezwa, na faida yake yatumika kwa makusudi yaliyoandikwa. Wakfu wa Ford, kwa mfano, uliwekwa Marekani mwaka 1936, na umekuwa na ofisi yake Nairobi tangu miaka ya 1960. Na sheria ya Marekani yazitaka wakfu za watu binafsi zitoe kila mwaka kiasi cha asilimia 5 ya thamani ya mali zao kwa kazi za manufaa. Kwa hiyo anayetoa hatufanyii hisani peke yake. Anatimiza sharti pia. Tusiende kwake kama waombaji wa njiani, wala tusiende kwa kiburi. Twende kama watu wenye kazi ya kufanya, kwa mtu mwenye mali iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Ziko pia fedha zilizowekwa hasa kwa ajili ya vikundi vidogo vya haki. Mwaka 2021 ulianzishwa Mfuko wa Kuwezesha Watu Kisheria, wenye nia ya kutoa dola milioni 100 katika muda wa miaka 10 kwa vikundi vya mashinani katika nchi mbalimbali. Na hapa kwetu Kenya kuna KCDF, iliyoanzishwa mwaka 1997, yenye kufanya kazi na vikundi vya jamii. Sisemi kwamba watatupa. Nasema kwamba mlango wa namna hiyo upo, na wengine waliopita hawakuwa wakubwa kuliko sisi.

Wakfu, kama mjuavyo, una sharti la mwenye kuuweka, na sharti lile halivunjwi. Nimeyakusanya masharti yao ya kawaida katika mambo matano.

La kwanza, wataka kujua sisi ni nani kwa sheria. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikundi huwa cha watu wasiopungua 10, chenye katiba yake na viongozi waliochaguliwa, nacho husajiliwa na Idara ya Maendeleo ya Jamii. Mashirika makubwa ya manufaa ya umma yana sheria yake nyingine, iliyotungwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Chama chetu ni cha namna ile ya kwanza. Cheti chetu na kihuishwe, na katiba yetu, ambayo baadhi ya kurasa zake zimeliwa na mchwa, ichapwe upya.

La pili, wataka kujua fedha zitakaa wapi na nani atazitoa. Akaunti ya benki kwa jina la Chama, na watia saini watatu wasio wa nyumba moja. Sina haja ya kueleza zaidi. Wenye masikio wamesikia.

La tatu, wataka hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nitasema hapa neno lisilonipendeza. Mwaka uliopita tulipeleka ombi, na ombi lile lilikataliwa. Watu wamesema tulikataliwa kwa sababu sisi ni Waislamu, au kwa sababu hatuna mtu wetu Nairobi. Nimeisoma barua ya majibu mara nyingi, na sababu zilikuwa mbili. Moja, tuliulizwa hesabu za miaka miwili iliyokaguliwa, nasi tukapeleka daftari lenye matumizi yasiyo na stakabadhi. Fedha hazikuibwa, zilinunua saruji ya madrasa na sanda za maiti, na kila mmoja wetu ajua. Lakini mgeni aliye mbali hana njia ya kujua ila karatasi. Sababu ya pili ni mimi. Niliandika kwamba tutaondoa dhuluma katika Kaunti nzima ya Kwale kwa muda wa mwaka mmoja. Nilidhani maneno makubwa huvuta fedha kubwa. Msomaji wa ombi akaona kwamba mtu huyu hajui ukubwa wa kazi yake.

La nne, basi, wataka kazi inayopimika. Ombi zuri hueleza tatizo moja, mahali palipo, watu linaowagusa, jambo litakalofanywa, nani atalifanya, kwa muda gani, kwa fedha ngapi, na kwa alama gani tutajua kwamba limefanyika. Nikiandika safari hii nitaandika hivi: katika Munje na vijiji vya jirani, wajane na warithi wengi hawajui hatua za kufuata mirathi na mipaka, tutafundisha wasaidizi wawili, tutasikiliza kila mtu ajaye, kila shauri litaandikwa katika daftari siku lilipofika, lilikopelekwa, na lilivyokwisha. Mwisho wa mwaka tutahesabu. Tukisaidia mashauri 30, tutaandika 30, wala hatutaandika 300.

La tano, wataka kujua kama watu wote wa mji wana sauti. Hapa nawaomba wazee wanivumilie. Watauliza kama wanawake wamo katika Halmashauri, si katika jiko la Halmashauri. Watauliza pia baraza letu la wazee laamuaje. Ile Katiba iliyotia nguvu desturi zetu, katika kifungu hicho hicho cha 159 yasema kwamba desturi isivunje haki za mtu wala isipingane na uadilifu. Mama wa ile minazi alikuja baraza kabla ya kwenda ofisini. Aliambiwa amlete ndugu wa kiume amsemee. Hakuwa naye. Hatukumdhulumu kwa makusudi, lakini alitoka barazani bila kusikilizwa, na mimi ndimi niliyekuwa nikiandika siku ile. Tukiweka meza ya haki huku baraza letu limefungiwa nusu ya mji, wenye fedha watatuona, na kabla yao Mwenyezi Mungu ametuona.

Bwana Mwenyekiti, nimesema nitaeleza mabaya pia. Yapo matatu.

Baya la kwanza ni madalali wa miradi. Alikuja mtu hapa, kavaa vizuri, akasema atatuandikia ombi na kutupatia fedha kwa hakika, mradi tumpe ada kwanza na sehemu ya kumi baadaye. Baadhi yetu walikwisha kumpa. Hatumwoni tena. Jueni kwamba wakfu wa kweli hautozi ada ya kuomba, wala hauna mtu wa njiani wa kukusanya asilimia. Anayeahidi hakika katika jambo lililo mikononi mwa mwingine, huyo ni mwongo.

Baya la pili ni kutegemea. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mliona wenyewe mwaka 2025: mwezi Januari Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la USAID halikuwa tena na kazi yake ya zamani. Wauguzi na wafanyakazi wengi walirudi nyumbani kwa siku moja. Ile ilikuwa fedha ya serikali, si ya wakfu, lakini funzo ni lile lile. Kwa hiyo Halmashauri yapendekeza kwamba chumba na kiti cha meza ile kiwe mchango wetu wenyewe, na ruzuku ilipe mafunzo na nauli. Wageni wakiondoka, chumba kitabaki, daftari litabaki, na ujuzi wa wale vijana utabaki.

Baya la tatu ni siasa. Wakfu za Marekani zimekatazwa na sheria yao kutoa fedha kwa ajili ya kampeni za uchaguzi. Ikiwa mtu wetu mmoja ataitumia meza ile kujitafutia kura, tutapoteza ruzuku na jina letu pamoja. Napendekeza iandikwe katika kanuni: mwenye kugombea cheo aondoke mezani kwanza.

Kabla sijamaliza, nitawapa mfano wa karibu, ili msije mkadhani haki hupatikana kwa mwaka mmoja. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu kiliwadhuru wakazi kwa sumu. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda kile na ambaye mtoto wake mwenyewe alipatikana na sumu hiyo, aliwaongoza watu kudai haki, akaanzisha shirika kwa kazi hiyo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Kesi ilifunguliwa mwaka 2016. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia ile. Desemba 2024 Mahakama Kuu kuliko zote, ile ya Juu, ikairudisha. Hesabuni miaka wenyewe. Watu wale hawakushinda kwa kelele. Walikuwa na vipimo vya damu, majina, tarehe na barua walizozitunza. Kama karatasi zile zingeliwa na mchwa kama katiba yetu, kesi ingekwisha mapema sana.

Basi, mambo ambayo Halmashauri yaomba yakubaliwe leo ni manne. Cheti kihuishwe na katiba ichapwe. Hesabu za miaka miwili zikaguliwe na mtu asiye mwanachama, na zibandikwe ukutani kila mmoja azione. Wanawake wapewe viti katika Halmashauri kwa kuchaguliwa na wenzao, na mjane aruhusiwe kujisemea barazani. Na baada ya haya matatu kutimizwa, si kabla, ndipo ombi liandikwe, lisomwe hapa mkutanoni kwa Kiswahili neno kwa neno, kisha lipelekwe.

Mtaona kwamba matatu ya kwanza hayahitaji fedha ya mtu yeyote. Hata kama ombi litakataliwa mara ya pili, Chama kitakuwa kimetengenea. Na kama mkiona kwamba tusiombe kabisa, mimi karani wenu nitatii; lakini nawasihi msiyaache yale matatu.

Yule mama ameniambia kwamba hataki tena kurudi ofisini, maana amechoka. Amesema, mkiweka hiyo meza, mwekeeni aliye nyuma yangu. Nami nimemwahidi kwamba nitayafikisha maneno yake kwenu. Nimeyafikisha.